Mwaka Mama Mkwe Alilala Jikoni

Haya, nyinyi mliojipanga kwa hii kochi ya Nekesa kama viazi kwa gunia, na nyinyi wa sakafuni, na wewe uliyeegemea friji ukidhani sikuoni, nyamazeni kidogo mzee aongee. Mnanong'onezana eti tangu tumzike mke wangu Nasimiyu nimekuwa kimya. Ni kweli, na kimya kinanikaa vibaya kama suti ya kuazima. Basi leo nafungua mdomo, na sitawaambia nilizaliwa wapi wala baba yangu alikuwa na ng'ombe wangapi, hiyo mtaniuliza nikikosa story. Nitawaambia juu ya mwaka mmoja tu. Shule niliiona kwa nje nikipita, kwa hivyo msinidai tarehe. Ilikuwa miaka ya tisini, ule mwaka unga ulikuwa unapanda bei ukiwa bado mkononi mwa mwenye duka. Nasimiyu wangu alikuwa na mimba ya huyu Nekesa anayewamiminia chai, na tumbo lilikuwa kubwa, mpaka akiingia chumbani tumbo linafika saa nne na yeye anafika saa tano.

Tulikuwa tunakaa Kaloleni ya hapa Nairobi, chumba kimoja ndani ya nyumba ya kanjo, yaani ya baraza la jiji. Ukipiga chafya upande wa dirisha, mlango unajifungua wenyewe. Kulikuwa na kitanda, pazia la maua mbele ya kitanda, halafu meza, viti viwili, na sufuria zimening'inia ukutani kama medali za vita. Mimi nilikuwa navuta mkokoteni, natoa magunia ya viazi sokoni napeleka kwa mahoteli, na mgongo wangu wakati huo ungeweza kubeba kanisa pamoja na kwaya. Jirani yetu wa ukuta alikuwa Mzee Omolo, mstaafu wa reli, aliyeingia hizo nyumba rangi ya kwanza ikiwa bado mbichi. Jioni alikuwa anakaa na redio yake mlangoni, mguu mbaya ameunyoosha kwa kigoda, na alikuwa na maneno yake ambayo alikuwa anayarudia mpaka redio yenyewe inachoka. "Wafula," ananiambia, "hii nyumba Mzungu aliipima. Mimi nilimwona na futi yake. Alipima baba, akapima mama, akapima watoto wadogo. Wa kwao hivyo ndivyo wanakaa. Mama mkwe hakumpima. Shangazi hakumpima. Kijana aliyeota ndevu hakumpima. Ukiona watu wako hawatoshei, si wao ni wakubwa, ni futi." Mimi nilikuwa nacheka. Nilidhani ni uzee.

Halafu ikaja mvua ndefu, na mvua ikaja na mama mkwe.

Alishuka basi la Bungoma na kikohozi ambacho bati za Kaloleni zilikuwa zinakijibu. Huko nyumbani zahanati ilikuwa na daktari bila dawa, na wiki nyingine inakuwa na dawa bila daktari, kwa hivyo ndugu zake wakamwambia aje kwa binti yake Nairobi apigwe picha ya kifua. Sasa hapa ndipo lazima muelewe, nyinyi mnaokula na mama mkwe sahani moja na kupiga naye selfi. Kwetu, mimi na mama mkwe wangu tulikuwa hatuwezi kuangaliana uso. Hatusalimiani kwa mkono. Hatuli pamoja. Akipita njia hii, mimi naingia migombani. Ni heshima, ile heshima nzito kabisa. Na kubwa kushinda zote, mama hawezi kulala chini ya paa ambapo binti yake analala na mume. Akilala, ubaya haumrudii yeye, unaenda kwa tumbo la binti. Nyumbani hiyo si shida, kuna nyumba ya bibi, kuna nyumba ya shemeji, kuna boma zima la kulala. Lakini chumba changu kilikuwa kitanda chenye kuta. Yule mama alisimama mlangoni, mimi nimeruka nyuma ya pazia kama mwizi, nikamsikia akiuliza, "Nasimiyu, na nyumba iko wapi?" Nasimiyu akamwambia, "Mama, ndiyo hii." Halafu akasema, "Hii ni chumba cha kulala. Nyumba iko wapi?"

Mwanzoni Mama Wanjiru alituokoa. Huyo alikuwa mama wa chapati wa ng'ambo ya ua, mama wa Murang'a, mdomo kama king'ora cha moto na moyo kama mkate. Yeye na binti zake wote walikuwa wanalala chumba kimoja kama vijiko kwa droo, na bado akasema, "Mlete cucu, huyo nyanya yetu, hapa, tutasukumana." Tukapata raha kidogo. Mchana mama alikuwa anakaa kwa baraza yetu na mimi nikirudi nakaa ndani, ukuta katikati, na tukawa na namna yetu ya kuongea. Alikuwa hawezi kuniambia kitu mimi, kwa hivyo anaambia sufuria. "Wewe sufuria," namsikia huko nje, "mwambie mwenye nyumba ugali umeiva, na asikule akiwa amesimama kama punda." Na mimi najibu mlango: "Mlango, mwambie sufuria asante, lakini punda hulala akiwa amesimama, hivyo amezoea." Namsikia akicheka mpaka kinakuwa kikohozi, na kikohozi kinakuwa kirefu, na Nasimiyu anatoka na maji. Nawaambia ukweli, nilimpenda yule mama kuliko watu wengi ambao nimewaangalia macho.

Picha ya kifua ikasema tibii, kifua kikuu. Sista wa kliniki akasema sindano kila asubuhi, vidonge vya rangi zote, na asilale na watoto, alale mahali pakavu penye hewa. Mama Wanjiru hakumfukuza, hiyo msije mkasema. Mama mkwe mwenyewe jioni hiyo alikunja blanketi lake. "Hawa wasichana wana vifua vidogo," akasema, na akatoka. Nikazunguka esteti nzima nikitafuta kona. Watu walikuwa wameshamsikia akikohoa, wakiniona wanaingia ndani na kufunga mlango. Nikafika mpaka esteti ya Ziwani, nikarudi hivyo hivyo. Nikasema basi mimi nitoke, nilale kwa mkokoteni, mama na binti walale ndani. Mama akaambia sufuria, "Akitoka yeye, kitanda chake kimetoka?" Nikasema sawa, kitanda pia kitoke. Mimi na Mzee Omolo tukakifungua, mguu kwa mguu, tukakianika kwa ua majirani wote wakiangalia godoro langu, ambalo lilikuwa jembamba mpaka ungeweza kusoma gazeti kupitia hapo. Mama Wanjiru akapiga kelele, "Wafula, kwani mnahama ama mnauza ndoa?" Watu wakaanguka na kicheko. Mama mkwe peke yake hakucheka. Akamwambia binti yake pole pole, nikisikia, "Si mbao, mwanangu. Ni mahali. Hiyo mimba ilishikwa hapo. Nikilala hapo na hii damu ninayotema, nitamla mtoto." Tukarudisha kitanda.

Ndiyo akaenda kulala jikoni. Nyuma ya nyumba kulikuwa na jiko la nje ambalo tulikuwa tunapikia nyumba nne, ukuta mweusi, mlango nusu, moshi uliolala humo tangu enzi za huyo Mzungu na futi yake. Mahali pakavu penye hewa! Tulimtandikia magunia na kadibodi. Asubuhi wanawake wanakuja kuwasha, yeye anatoka anakaa kwa ukuta na blanketi. Jioni wakimaliza anaingia kwa majivu ya moto. Baridi ya mwezi wa saba ya Nairobi mnaijua, ile inaingia kwa mfupa na kuuliza kama kuna nafasi ya ndugu yake. Nilikuwa nalala upande wangu wa pazia nikisikiliza kikohozi cha jikoni, na Nasimiyu analia na tumbo lake bila sauti ili nisisikie, na mimi najifanya sisikii ili asijue. Leo nalala hapa Pipeline, kwa hii kochi mnayokalia, na pazia ni hilo hapo, na nyuma ya pazia ni binti yangu na mume wake, na mkwe wangu anakoroma kama lori la kokoto likipanda mlima. Asubuhi ananiambia, "Niaje mzee, ulilala poa?" Na mimi nasema poa. Hakuna aliyekufa. Ndiyo maana nawaambia hii story na sijui kama nicheke.

Sasa, sikilizeni. Mwiko huo ulikuwa na dawa. Zamani, mkwe na mama mkwe wakifika mahali pa shida, kulikuwa na mambo yanafanywa, wazee wa pande mbili wanakaa, pombe inanywewa kwa mirija, maneno yanasemwa, na njia inafunguliwa. Baada ya hapo mnasalimiana, na mama anaweza kulala popote. Kila mtu wa kwetu Nairobi alijua kwamba hiyo kitu iko. Lakini inafanywaje? Jumapili moja baada ya kanisa nikaita watu wawili kwa ua wetu. Mmoja alikuwa Makokha, fundi wa nguo, mwenye alijiita mzee wa mila kwa sababu alikuwa na kofia. Mwingine alikuwa Ibrahimu, mzee wa kanisa, aliyekuja kwa sababu ya kuku. Mama alikaa nyuma ya mlango nusu wa jiko, asikike asionekane.

"Inaanza na kondoo," Makokha akasema.

"Mbuzi," Ibrahimu akasema.

"Wewe si unasema ni kazi ya shetani? Umejuaje ni mbuzi?"

"Shetani pia ana utaratibu."

"Basi tuseme mbuzi. Halafu kuna nyasi fulani inafungwa."

"Nyasi gani?"

"Ile ya... ya nyumbani."

"Nyasi ya nyumbani!" Mzee Omolo akaita kutoka kwa redio yake. "Na hapa unaona nyasi, ama unaona kanjo?"

"Nilimwona babu yangu akifanya," Makokha akaapa. "Kwa macho yangu!"

"Alisema maneno gani?"

"Hapo sasa nilikuwa nimefukuzwa nje nichunge ndama."

Tukafanya hivyo hivyo. Busaa, ile pombe ya mirija, ilikuwa haramu, tangu Mzungu mpaka wakati huo askari walikuwa wakisikia harufu yake wanaruka ukuta, kwa hivyo Makokha akanunua soda ya machungwa na mirija ya plastiki. Mbuzi hatukuwa naye, kuku akapandishwa cheo. Nyasi Makokha aling'oa kando ya sosholo, ule ukumbi wa esteti, yenye vumbi na karatasi ya peremende. Akasimama, akavua kofia, akasema kwa lugha ya kwetu, "Njia, funguka." Halafu akakwama. Akamwangalia Ibrahimu. Ibrahimu akasema, "Amina." Majirani walicheka mpaka wengine wakakaa chini, na mimi nilicheka pia, nilicheka sana, na nilikuwa naona mkono wa Nasimiyu umeshika tumbo na hacheki. Chupa ikapitishwa juu ya mlango wa jiko. Halafu sauti ya mama, taratibu kabisa: "Makokha, mwana wa watu, nikilala humo kwa nguvu ya hii soda, na mtoto akizaliwa amekufa, mtaenda dukani kurudisha chupa?" Makokha akavaa kofia yake. Mzee Omolo akazima redio, na mimi sijawahi kumuona Mzee Omolo akizima redio, hata siku ya yale mapinduzi ya wanajeshi yaliyoshindwa aliongeza sauti. Kuku tulimla, lakini hakuwa na ladha.

Ule mwezi wa baridi ukammaliza. Asubuhi moja Mama Wanjiru alienda kuwasha jiko na akaita jina langu kwa sauti ambayo haikuwa ya king'ora. Mama mkwe alikuwa hawezi kusimama. Wanaume walikuwa wameshaenda viwandani, Mzee Omolo na mguu wake, Nasimiyu na tumbo lake. Mama Wanjiru na binti zake wakambeba na blanketi wakamlaza kwa mkokoteni wangu, juu ya magunia, mimi nikiwa nimegeukia barabara. Na hapo ndipo nikagundua kitu: mtu wa mkokoteni haoni mzigo wake. Mzigo uko nyuma, macho yako mbele. Tangu niingie Nairobi nilikuwa na kazi moja tu ambayo mkwe na mama mkwe wangeweza kusafiri pamoja bila dhambi. Nikaingia katikati ya miti ya mkokoteni, nikainama, nikavuta kuelekea hospitali. Wepesi wake ndio ulinitisha. Nimevuta vitunguu vizito kuliko yeye.

Tukapita Jogoo Road magari yakitupigia honi. Nyuma yangu nikasikia, "Wewe gurudumu."

Nikaambia lami, "Gurudumu linasikia."

"Mwambie huyo anayevuta asiende mbio. Nataka kumaliza maneno."

Nikapunguza.

"Mwambie anayefungua njia kwetu alikuwa baba yangu. Watu walikuwa wanatoka mbali, wanamjia yeye. Alikuwa na kigoda chake, na mirija ya wazee, na ngozi. Halafu Mzungu wa misheni akaja na chifu. Wakasema mtu hataingiza mtoto shule kama vitu vya giza viko kwake. Baba alivileta mwenyewe. Vikawekwa mbele ya kanisa vikachomwa." Akakohoa, nikasimama, gari nyuma yetu likatutukana, nikaanza tena. "Sisi watoto tulikuwa tumefundishwa wimbo wa kuimba vikiungua. Mimi ndiye nilikuwa naanzisha, nilikuwa na sauti. Walinipa kipande cha sabuni, ina harufu tamu, sikuwahi kunusa kitu kama hicho. Baada ya hapo watu walikuwa bado wanakuja. Baba anawaambia, kigoda kilienda na mdomo wangu. Alikaa na sisi miaka mingi na hakusema hayo maneno tena. Hata mimi nilipoolewa nilimwomba. Akaniambia, uliimba vizuri sana."

Nikavuta. Nilikuwa nafikiria, hawa watu walichoma ufunguo, lakini kufuli hawakugusa. Wangechoma vyote viwili, huyu mama angelala kwa kitanda changu kama mkwe wangu analala leo, akikoroma. Wangeacha vyote viwili, angelala pia. Walichoma nusu. Nikasema, "Barabara, mwambie mama, mtoto atazaliwa mzima." Na yeye akasema, "Gurudumu, mwambie najua. Ndiyo maana nilikaa na moshi."

Wodi walikuwa wawili kwa kitanda, na hakuna aliyeuliza ni nani mkwe wa nani. Siku chache baadaye, asubuhi, nikaambiwa amekwenda. Nasimiyu aliposikia, maji ya uzazi yakamwagika palepale kwa baraza, kwa hivyo Mama Wanjiru akakimbia naye upande mmoja, Makokha akaenda kutafuta gari la Bungoma upande mwingine, na mochari nikaachiwa mimi. Msiwe na wasiwasi, Makokha alirudi baadaye akamtambua, tulimzika yeye mwenyewe, kwake, chini ya paa la mbingu ambalo halina mwenye kitanda. Na Nekesa alilia jioni hiyo mpaka watu wa Makadara wakadhani ni king'ora cha kiwanda kinachofunga kazi. Lakini kabla ya hayo yote, nilikuwa nimesimama mbele ya jamaa mmoja mrefu wa mochari, amevaa gambuti, vile viatu vya mpira, amechoka, na mbele yake vitanda viwili vya chuma, kila kimoja na bibi mzee amefunikwa. Walikuwa wametoka wodi moja na kibandiko cha jina kimeanguka. Akafunua wa kwanza. Nikageuza uso ukutani.

"Mzee, angalia. Ni huyu?"

"Siwezi kuangalia."

Akafunika, akafunua wa pili. "Ni huyu?"

"Ndugu yangu, siwezi. Ni mama mkwe wangu."

"Sawa, pole. Basi niambie tu anafanana vipi, nitakutafutia mimi."

"Sijui."

"Hujui? Alikuwa anakaa wapi?"

"Kwangu. Tangu mvua ndefu."

"Na nani alimleta hospitali?"

"Mimi. Nilimvuta kutoka Kaloleni mpaka hapa."

"Na uso wake?"

"Sijawahi kuuona. Nilikuwa namsikia tu sauti, namjibu, naogopa kumkosea."

Yule jamaa alivua glavu moja, akajikuna kichwa, akaangalia vitanda vyake viwili, akaniangalia mimi na ukuta wangu, akasema:

"Sasa huyu alikuwa mama mkwe wako, ama alikuwa Mungu?"